Umechomeka USB kwenye kompyuta yako lakini VM haiioni? Fanya hivi

Unachomeka flashi kwenye laptopu, unaingia ndani ya VM (kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta halisi) ukitegemea kuikuta, unakuta patupu. Unachomoa unachomeka tena, patupu. Kumbe hakuna kilichoharibika, VM haina poti, poti ni za kompyuta halisi na kila kinachochomekwa kinadakwa kwanza na mfumo wa kompyuta hiyo, ndo maana inabidi wewe mwenyewe useme hiki kifaa kitoke huku kiende kule.

Kitu kimoja ukikishika hiki mwongozo wote unakuwa mwepesi: kifaa cha USB hakitumikii mabwana wawili. Kwa wakati mmoja kinashikwa na mfumo mmoja tu, iwe ni kompyuta yako au VM moja, basi. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo ukilifuatilia utakuta ni swali la nani amekishikilia kifaa sasa hivi.

Humu nikisema hosti namaanisha mashine ambayo VM inakaa na kuwaka ndani yake, gesti ni mfumo ulio ndani ya VM, na kompyuta yako ni ile uliyokaa mbele yake na kuchomeka kifaa.

Hatua ya 1: jua VM inawaka wapi

Watu wengi wanaruka hapa halafu wanapoteza jioni nzima. Kuna hali mbili tofauti kabisa. Ya kwanza VM inawaka kwenye kompyuta hiyohiyo uliyochomeka kifaa, labda una programu ya kuendesha VM kama VirtualBox au VMware Workstation, hapo kompyuta yako ndo hosti na kazi ni nyepesi. Ya pili VM iko kwenye seva huko, wewe unaiangalia tu kwa dirisha kupitia mtandao, hapo data ya USB inabidi ifungwe isafirishwe kwa mtandao mpaka kwenye VM, na njia zake ni nyingine.

Ukisoma maelekezo ya hali ya kwanza ukayafanya kwenye hali ya pili utaishia kuona orodha ya vifaa vilivyochomekwa kwenye seva, siyo vyako. Kwahiyo ukiona kwenye orodha kuna majina usiyoyajua wala kifaa chako hakipo, acha hapohapo, uko mlango usio wako.

Hatua ya 2: kitambue kifaa kwa namba, siyo kwa jina

Kila kifaa cha USB kina namba mbili, moja ya mtengenezaji na moja ya bidhaa, zinaandikwa kwa heksa hivi 2341:8036. Kwenye Linux andika `lsusb` utaziona zote. Kwenye Windows fungua Device Manager, bonyeza kulia kwenye kifaa, Properties, Details, halafu chagua Hardware Ids, utaona VID_ na PID_. Zinakili pembeni maana majina yanachanganya, unaweza ukakuta vifaa vitatu vyote vinaitwa USB Serial.

Kama ni flashi au diski ya nje, funga mafaili yote yaliyofunguliwa kutoka humo na uitoe kwa njia ya salama kwanza kwenye kompyuta yako. Kwenye Linux `udisksctl unmount -b /dev/sdb1` inatosha, ila hakikisha kwa `lsblk` kwamba sdb1 kweli ndo yenyewe. Unapoihamishia VM, kwa kompyuta yako ni sawasawa na mtu kaichomoa ghafla, na kama kulikuwa na faili linaandikwa ndo limekwenda hivyo.

Hatua ya 3: ipe VM kontrola ya USB

Gesti inahitaji kontrola ya kuigiza ili iwe na pa kukipokelea kifaa. Zipo za aina tatu kwa kasi: USB 1.1 inayoishia megabiti 12 kwa sekunde, USB 2.0 megabiti 480, na USB 3 inayoanzia gigabiti 5. Chaguo la kawaida ni USB 3 yaani xHCI, maana inabeba na vifaa vya kasi ya chini pia, ila kuna mtego mmoja: Windows 7 haina draiva ya xHCI ndani yake, Windows 8 na kuendelea ndo inayo. Kwahiyo kama gesti ni Windows 7 ya kuendeshea ile programu ya zamani iliyogoma kuhama, weka USB 2.0 uendelee na maisha. Zima VM kabla ya kubadilisha hii setingi, sehemu nyingine inakubali ikiwa inawaka lakini kuizima hakukugharimu kitu.

Hatua ya 4: VM iko kwenye kompyuta yako

Tuanze na VirtualBox. Kuanzia toleo 7.0 la mwaka 2022 kontrola za USB 2 na 3 zimo ndani ya programu yenyewe, kwahiyo yale maelekezo ya zamani ya kulazimisha uinstoli Extension Pack ili tu upate USB 2.0 yamepitwa. VM ikiwa imezimwa nenda Settings, USB, washa kontrola, chagua xHCI. Iwashe, halafu kwenye menyu ya dirisha la VM nenda Devices, USB, weka tiki kwenye kifaa chako. Kifaa kitapotea kwenye kompyuta yako na sekunde chache baadae kitatokea ndani ya gesti.

Kama hosti yako ni Linux na ile orodha iko tupu kabisa, tatizo karibu kila mara ni hili, akaunti yako haimo kwenye kundi la vboxusers. Andika:

`sudo usermod -aG vboxusers $USER`

Halafu toka kwenye akaunti uingie upya, kufunga tu terminali na kufungua nyingine hakusaidii. Mtu anaandika amri, haoni mabadiliko, anaanza kuinstoli VirtualBox upya kumbe kulogi auti tu kungemaliza.

Ukitaka kujua kifaa kiko mikononi mwa nani andika `VBoxManage list usbhost`. Soma mstari wa Current State: Available maana yake kiko huru, Busy maana yake hosti inakitumia, Captured maana yake VirtualBox imeshakidaka. Hii amri moja inakujibu zaidi ya kubofyabofya menyu nusu saa.

VMware Workstation ni fupi zaidi: VM ikiwa inawaka nenda menyu ya VM, Removable Devices, jina la kifaa, Connect (Disconnect from Host). Jina lenyewe linajieleza, inakitoa kwenye hosti ndo inakiunganisha.

Virt-manager, programu ya kusimamia VM za KVM (teknolojia ya VM iliyomo ndani ya Linux): fungua maelezo ya VM, Add Hardware, USB Host Device, chagua kifaa, Finish. Ila kama umeunganisha virt-manager na seva ya mbali, hiyo USB Host Device inamaanisha vifaa vya seva, siyo vyako, rudi kusoma hatua ya 1. Kwa kifaa cha kwako tumia njia ya hapo chini ya SPICE, itifaki ya kuiangalia VM kwa mbali.

Hatua ya 5: VM iko kwenye seva ya mbali

Hapa ndo penyewe. Njia inategemea seva inaendeshwa na nini.

*vSphere.* Huu ni mfumo wa VMware wa kuendesha VM kwenye seva. Zima VM, Edit Settings, Add New Device, USB Controller, chagua 2.0 au 3.1, ok, washa. Sasa unapoifungua usitumie Launch Web Console. Ile ya ndani ya brauza haina uwezo wa kushika USB ya kompyuta yako, utazunguka humo mpaka uchoke. Instoli VMware Remote Console (VMRC) kwenye kompyuta yako, bonyeza Launch Remote Console, kisha kwenye menyu ya VMRC nenda Removable Devices, kifaa chako, Connect (Disconnect from Host). Hiyo Host inayotajwa hapo ni kompyuta yako, siyo seva, jina limekaa vibaya lakini ndo hivyo.

Kama hauoni uwezekano wa kuongeza kontrola, akaunti yako haina ruhusa ya kuongeza vifaa kwenye VM, mwambie anayesimamia seva, hakuna ujanja wa kupita pembeni. VM moja inabeba mpaka vifaa 20 vya USB. Na usipange kuwashia VM kutoka kwenye flashi kwa njia hii, haikubali, tumia faili la ISO.

Jambo la kukaa nalo akilini, muunganiko unapita kwenye mtandao kati yako na seva. Laptopu ikilala, waifai ikikatika, kifaa kinachomoka ndani ya VM palepale. Kama unaandika data kwenye diski au unachoma programu kwenye bodi ya elektroniki, zima kwanza ile setingi ya laptopu kulala, na kama kuna kebo ya mtandao karibu itumie.

*Proxmox au KVM kwa SPICE.* Kwenye Proxmox, mfumo wa seva wa kuendesha VM za KVM, nenda Hardware ya VM, weka Display iwe SPICE, kisha Add, USB Device, chagua Spice Port. Kila poti ya aina hiyo inabeba kifaa kimoja, ukitaka viwili ongeza mbili. Zima uwashe VM, kuristati kutokea ndani ya gesti peke yake hakutoshi. Kwenye kompyuta yako instoli virt-viewer, na kama unatumia Windows instoli pia UsbDk, bila hiyo menyu ya USB inakuwepo lakini haishiki kitu. Fungua Console kwa kuchagua SPICE, kisha kwenye virt-viewer tafuta sehemu ya kuchagua vifaa vya USB, weka tiki.

Kwa virt-manager ni hivyohivyo, tofauti kile unachoongeza kinaitwa USB Redirection, na menyu yake ni Virtual Machine, Redirect USB device.

*Hyper-V na Windows za mbali.* Hyper-V, programu ya VM ya Microsoft, haina ile ya kuchukua kifaa chochote cha USB ukakitupia VM kama wenzake, kwahiyo unapitia Remote Desktop. Fungua Remote Desktop Connection, Show Options, Local Resources, More. Flashi na diski weka tiki kwenye Drives, printa na kadi erevu zina sehemu zao. Hizi hazihamishi kifaa chenyewe, zinahamisha tu kazi yake, na kwa flashi hiyo inatosha kabisa, tena ni bora maana kompyuta yako inabaki nayo.

Kwa vifaa vingine visivyo na sehemu yake inabidi ufungue mlango kwa sera. Kwenye kompyuta yako, siyo kwenye VM, fungua `gpedit.msc`, nenda Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Remote Desktop Services, Remote Desktop Connection Client, RemoteFX USB Device Redirection, washa ile moja iliyomo. Endesha `gpupdate /force`, ristati, na kifaa kitaonekana chini ya Other supported RemoteFX USB devices. Windows za Home hazina gpedit kwahiyo usiitafute.

Hatua ya 6: njia inayofanya kazi karibu popote, USB/IP

Kama hakuna kilichokubali hapo juu, au VM iko kwa mtu ambaye hakupi kugusa setingi za seva lakini ndani ya gesti wewe ni admini, kuna USB/IP, yaani kusafirisha USB kupitia mtandao. Hii haijali VM inaendeshwa na programu gani, inachohitaji ni mtandao tu. Imo ndani ya kerneli ya Linux rasmi tangu toleo 3.17 la mwaka 2014.

Tuseme kompyuta yako ni Linux na gesti pia. Kwenye kompyuta yako yenye kifaa:

`sudo modprobe usbip-host`
`sudo usbipd -D`
`usbip list -l`
`sudo usbip bind -b 1-2`

Hiyo 1-2 ni mfano, weka ile uliyoiona kwenye list. Baada ya bind kompyuta yako imeshakiachia kifaa. Sasa ingia kwenye gesti:

`sudo modprobe vhci-hcd`
`sudo usbip list -r 192.168.1.20`
`sudo usbip attach -r 192.168.1.20 -b 1-2`

Ambapo 192.168.1.20 ni anwani ya kompyuta yako, weka ya kwako. Fungua `lsusb` ndani ya gesti, kifaa kipo. Kukirudisha unaandika `sudo usbip port` uone namba yake, kisha `sudo usbip detach -p 00`, halafu kwenye kompyuta yako `sudo usbip unbind -b 1-2`. Ukiizima kompyuta bind inapotea, itabidi uanze tena.

Kompyuta yako ikiwa Windows kuna programu ya usbipd-win. Fungua PowerShell kama admini, `usbipd list`, `usbipd bind --busid 2-3`, na upande wa gesti ya Linux ni attach ileile. Na kama gesti yenyewe ni WSL 2 (ile Linux inayokaa ndani ya Windows), ambayo kwa kweli nayo ni VM, baada ya bind hiyohiyo unaandika tu `usbipd attach --wsl --busid 2-3` na imekwisha.

Inatumia poti 3240, TCP, kwahiyo ukuta wa moto wa kompyuta yako uiruhusu. Lakini isikilize hii vizuri: USB/IP haifichi wala haifungi data, na haiulizi nenosiri, yeyote anayefika kwenye hiyo poti anaweza kujiunganishia kifaa ulichoki-bind. Usiiache wazi kwenye intaneti hata kidogo. Nje ya mtandao wako mwenyewe ipitishe ndani ya VPN au handaki la SSH.

Vifaa vinavyobadilika jina katikati ya kazi

Hapa panawatesa sana watu wa simu na bodi za elektroniki kwahiyo ntakaa kidogo. Umeunganisha kifaa kwenye VM vizuri, kinaonekana, unaanza kuweka programu, asilimia chache inakata inasema kifaa hakipo. Unajaribu tena, vilevile.

Kinachotokea ni kwamba kifaa kimejichomoa na kujichomeka chenyewe kikiwa na namba nyingine. Chukua Arduino Leonardo: ikiwa kawaida ni 2341:8036, ukianza kuipakia programu inaingia kwenye butiloda (kijiprogramu cha kupokelea programu mpya) na kuwa 2341:0036. Kwa VM hicho ni kifaa kingine kisichojulikana, hivyo hosti inakidaka kwanza, na butiloda yenyewe inasubiri sekunde chache tu kisha inaondoka. Simu za Android nazo zinabadilisha namba zikitoka hali ya kuhamisha mafaili kwenda fastboot, hali ya kuwekea mfumo mpya.

Dawa yake ni filta, yaani kanuni ya kuiambia VM idake vifaa gani yenyewe. VirtualBox nenda Settings, USB, ongeza filta kutoka kwenye kifaa chako, kisha ifungue ubakishe Vendor ID na ufute vingine vyote, Product ID, Revision, na hasa Serial No. maana butiloda nyingi hazina ile seriali. Sasa chochote cha mtengenezaji huyo kikichomekwa VM inakichukua yenyewe. Ukiona ni pana mno, mfano una bodi nyingine ya kampuni hiyohiyo unayoitaka ibaki kwenye hosti, weka filta mbili, moja kwa kila namba. Kwenye usbipd-win tumia `--auto-attach` kwenye amri ya attach, inakiunganisha upya kila kikirudi.

Kwa VM ya mbali hata hivyo bado ni bahati nasibu, ule muda wa butiloda unaliwa na mtandao. Mi ushauri wangu, kompaili ndani ya VM, chukua faili lililotoka, lichome kwa kompyuta uliyoishika mkononi.

Ikigoma, angalia haya

Kifaa hakipo kabisa kwenye menyu ilhali flashi zinaonekana. Mara nyingi ni kwa sababu kinajitambulisha kama kibodi au mausi, na programu za VM huwa zinaficha vya aina hiyo makusudi ili usijikute umeitupia VM kibodi yako ya pekee ukabaki huna cha kuandikia. Skana za misimbopau na vidude vya leseni vingi viko kundi hili. Kwenye VMware Workstation kuna tiki ya kuonyesha vifaa vyote vya kuingizia data kwenye setingi za USB Controller, au zima VM uongeze mstari huu kwenye faili la vmx:

`usb.generic.allowHID = "TRUE"`

Kifaa kinaonekana lakini kinasema kinatumika. Kuna programu kwenye kompyuta yako imekishika, mara nyingi ile ndogo ya mtengenezaji inayojificha pembeni ya saa. Ifunge. Au kuna VM nyingine imekishika.

Kimefika ndani ya gesti ila hakifanyi kazi. Sasa hilo siyo tena la kuunganisha, ni draiva ndani ya gesti. Kwenye Linux acha `sudo dmesg -w` inaendelea huku unaunganisha, kwenye Windows angalia alama ya njano kwenye Device Manager. Draiva iliyoko kwenye kompyuta yako haisaidii kitu, ya gesti ndo inayohesabika.

Kamera na sauti zinakatakata. Vifaa hivi vinataka data ifike kwa wakati, ikichelewa imetupwa, na mtandao hautoi ahadi hiyo. Kwa VM ya mbali tumia sehemu ya kamera na sauti ya Remote Desktop yenyewe badala ya kuhamisha USB.

Diski inakokota. Piga hesabu ya mtandao kwanza. Kwenye mtandao wa megabiti 100 faili la gigabaiti 4 linachukua dakika tano na ushee hata kama hakuna kingine kinachopita, na USB inaongeza mazungumzo yake juu. Kama unachotaka ni kupeleka mafaili tu, usihamishe diski, tumia folda ya pamoja au `scp`.

Na ukimaliza, anzia ndani: toa flashi kwa salama kwenye gesti, kisha ondoa tiki au ubonyeze Disconnect kwenye menyu ya VM, subiri kompyuta yako ikitambue tena, ndo uchomoe kwa mkono.